Nimeandika ukweli kwenye faili la mgonjwa aliyezuiliwa kwa deni, sasa nimepewa barua ya kujieleza. Wenye uzoefu njooni

#1 ZamuYaUsiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa tisa kazini, niko hospitali ya taasisi ya dini huko wilayani. Sitaitaja, na naomba asitokee mtu wa kuanza kubahatisha. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Tulipokea kijana wa bodaboda, paja limevunjika. Wenzake wa kijiwe wakachanga laki mbili, akapasuliwa, akawekewa chuma. Tarehe 4 daktari alipopita raundi akakuta kidonda kikavu, akaandika ruhusa. Mama yake akaenda dirishani, akarudi na karatasi: 540,000 zimebaki. Huyo mama anauza mchicha na matembele. Alikaa pembeni ya kitanda bila kusema kitu, akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Kwetu huwezi kupita getini bila karatasi yenye mhuri wa keshia. Kwa hiyo kijana ameruhusiwa, lakini yupo. Nguo zake za nyumbani zimefungiwa stoo ya wodi, amebaki na zile za hospitali ili mlinzi amtambue kwa mbali. Na kitanda kinaendelea kuhesabiwa, shilingi 10,000 kwa siku.

Sasa hapa ndipo ninapoingia mimi. Mgonjwa akishaandikwa kwenye mfumo wa kompyuta kwamba ametoka, kitanda hakitozwi tena. Kwa hiyo tukaambiwa tumwache kama anayeendelea na matibabu. Kila zamu inapokabidhiana inaandika: "Anaendelea vizuri, anaendelea na matibabu." Nami niliandika hivyo usiku kadhaa, siwadanganyi. Unaandika vitanda ishirini na nne saa kumi alfajiri, mkono unajiendea wenyewe.

Tarehe 13 kidonda kikaanza kutoa usaha. Kitanda cha kulia kwake kuna mzee mwenye kidonda cha kisukari kinachonuka mpaka mlangoni. Tarehe 15 nikiwa zamu ya usiku nikaandika hali kama ilivyo. Mistari sita. Jina, saini, saa.

Jumatatu nikaitwa. Nimepewa saa 48 nijieleze kwa nini nimeingiza "mambo ya utawala kwenye kumbukumbu za tiba". Kijana bado yupo. Nauliza: deni la mgonjwa ni mambo ya ofisi tu, au na mimi linanihusu?

#2 Mchovu_wa_Mbagala

Uzi mrefu kama reli ya Tazara ila nimeumaliza. Naweka kambi.

#3 HesabuHaidanganyi

Sista, pole. Ila ngoja niseme ambacho hamtapenda kusikia. Mimi nilikaa ofisi ya uhasibu ya hospitali miaka kumi na moja.

Hospitali kama yenu inapata ruzuku kidogo ya serikali, na watumishi kadhaa wanaolipwa mshahara na serikali. Waliobaki, yule dada wa maabara wa mkataba, mpishi, mlinzi mnayemlaumu, wanalipwa kwa makusanyo. Dawa zinatoka Bohari ya Dawa kwa fedha, na usipolipa la zamani hupewi jipya. Dizeli ya jenereta, gesi ya oksijeni, vyote vinataka taslimu. Wakitoka wagonjwa ishirini kwa mwezi bila kulipa, mwezi wa tatu gozi hakuna, na hapo mtaandika uzi mwingine kwamba hospitali haina gozi.

Sera inasema wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza watibiwe bure. Vizuri. Nani anarudisha hizo fedha? Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza 1993, na tangu hapo msamaha unatolewa na serikali ila bili anaibeba mganga mfawidhi. Kijana wa bodaboda hayumo hata kwenye hayo makundi. Kwa nini hakukata CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima? Hela ya tairi moja tu hiyo.

Sisemi mumfunge. Nasema muuguzi asijifanye wakili, kila mtu akae kwenye kiti chake.

#4 MkeWaFundi

@HesabuHaidanganyi umesahau kwamba ukiwa na CHF ukafika dirishani unaambiwa dawa hiyo haipo, kanunue nje. Tusidanganyane humu.

Ila na wewe sista nina neno. Mnajiita watetezi. Mimi nimejifungua mara tatu. Mara ya pili nilipiga kelele leba, mkunga akaniambia "ulipokuwa unayatafuta hukupiga kelele". Alikuwa peke yake na wanawake tisa, hilo nalijua, lakini hayo maneno hayakutoka kwa mhasibu wala kwa mlinzi wa geti. Hiyo haki ya afya mnayoizungumza huwa inaanza kuvunjwa na nyie wenyewe, tena kwa mdomo, wala hakuna bajeti inayohitajika kuacha.

Halafu swali. Tarehe 4 hadi 15 ni siku kumi na moja. Ulikuwa wapi?

#5 ZamuYaUsiku

@MkeWaFundi sina utetezi wa siku kumi na moja. Nne kati yake nilikuwa likizo ya zamu, zilizobaki nilikuwepo na niliandika uongo. Kilichoniamsha ni usaha. Kama kidonda kingebaki kikavu, huenda mpaka leo ningekuwa naandika "anaendelea vizuri".

Na la leba, ni kweli. Nimewasikia wenzangu, na mwaka wangu wa kwanza niliwahi kusema neno linalofanana na hilo. Sikulisahau.

@HesabuHaidanganyi hesabu zako sizipingi. Ila jiulize: deni lilikuwa 540,000. Kila siku anayokaa linaongezeka elfu kumi, na sasa kuna gozi na sindano za usaha juu yake. Mama hauzi tena mchicha kwa sababu anamletea mwanawe uji. Hiyo ni njia ya kukusanya deni kweli, au ya kulikuza?

Jambo lingine watu wa nje hawalijui. Mgonjwa akitoroka, zamu iliyokuwepo inaulizwa, na mwaka juzi wenzangu wawili walikatwa kwenye posho. Kwa hiyo usiku mimi naangalia dripu na kwa wakati huohuo naangalia nani kavaa viatu. Hebu niambie nimekaa kwenye kiti gani hapo.

#6 HesabuHaidanganyi

La kukatwa posho sikulijua. Hilo si sahihi hata kihasibu.

#7 BiWakili_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Nimeletwa hapa na mwenzangu aliyenitumia kiungo.

Kwetu jambo hili lilifika Mahakama Kuu. Wanawake wawili walizuiliwa hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2010 baada ya kujifungua kwa kuwa hawakuwa na pesa. Walilala sakafuni. Tarehe 17 Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwazuilia vile kulivunja haki yao ya uhuru, ya utu na ya afya, akaamuru walipwe fidia. Hukumu nyingine zilizofuata dhidi ya hospitali za binafsi zimesema jambo hilohilo: unadai? Nenda mahakamani kama mdai mwingine yeyote. Wodi si jela ya madeni.

Katiba yetu ya 2010 inasaidia. Ibara ya 43 inataja haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na ikaongeza kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini nisiwapambie. Oktoba 2015, wiki chache tu baada ya hukumu, mwanamume aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Akafa. Kwa hiyo haki ilikuwepo kwenye karatasi na mtu akafia mlangoni.

Nililotaka kusema hasa ni hili. Kesi za aina hii, sisi mawakili tunazijenga kwa nini? Kwa faili. Naweza kuwa na mteja analia mbele ya jaji siku nzima, hospitali ikaleta faili linaloonyesha "anaendelea na matibabu" kwa siku ishirini, tumekwisha. Hospitali itasema hakuzuiliwa, alikuwa anatibiwa. Mistari yako sita, dadangu, ingekuwa ushahidi wangu wa kwanza.

#8 Kibarua_wa_Sheria

Kwa upande wa Tanzania mambo yamekaa tofauti kidogo. Katiba ya 1977 haina ibara inayosema moja kwa moja "kila mtu ana haki ya afya". Ibara ya 11 inazungumzia msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu, lakini iko kwenye sehemu ambayo Ibara ya 7 inasema haitekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Kwa hiyo mtu wa hapa anajibanza kwenye haki ya kuishi, Ibara ya 14.

Ila kwa huyu kijana usihangaike na 14. Nenda 15, uhuru wa mtu binafsi. Huwezi kumnyima mtu uhuru wake isipokuwa kwa utaratibu wa sheria. Kuna kifungo cha madai, lakini hicho kinatolewa na mahakama baada ya kesi kusikilizwa, hakitolewi na keshia. Na nchi yetu iliridhia mikataba miwili mikubwa ya haki za binadamu mwaka 1976. Mmoja una kifungu cha 12 kuhusu afya. Mwingine, kifungu cha 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Hospitali inaposema "alisaini fomu ya kukubali gharama", hilo ndilo jibu lake.

Mawaziri wa afya wamekemea kuzuia maiti kwa ajili ya deni, mara kadhaa, mbele ya kamera. Mtu aliye hai naye nani atamsemea?

#9 Mchovu_wa_Mbagala

@Kibarua_wa_Sheria hiyo sentensi ya mwisho imenichoma.

#10 Tabibu_wa_Kata

Nami niseme, maana sista anadhani yuko peke yake. Mimi ni tabibu, kituo cha afya, kata ya mbali kidogo. Kwangu deni si tatizo kubwa, tatizo ni PF3.

Kila mtu anaijua ile fomu ya polisi. Kuna vituo, mtu anafika anavuja damu, anaambiwa kwanza nenda polisi ukalete PF3. Hilo ni kosa la kwetu wenyewe. Majeruhi anatibiwa kwanza, fomu itamkuta kitandani. Mimi nilishasema kwenye zamu yangu, mtu akija na panga kichwani asiulizwe karatasi.

Lakini kuna PF3 ya aina nyingine. Usiku mmoja miaka michache iliyopita askari wawili walinileta kijana mwenye pingu. Mgongo una michirizi sambamba, mingine mipya, mingine imeanza kukauka. Nyayo zimevimba. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Daktari, huyu alianguka kwenye mtaro akikimbia." Kisha akakaa kwenye benchi langu kusubiri niandike.

Niliandika nilichoona: idadi ya michirizi, urefu, upana, iko wapi, ipi mipya ipi ya zamani, imesababishwa na kitu butu chenye umbo refu. Sikuandika "amepigwa", kwa sababu sikuwepo. Sikuandika "alianguka" pia. Mtaro hauchapi mistari sambamba, wala haukanyagi nyayo kwa chini.

Nilitetemeka wiki mbili. Hakuna kilichotokea, na sijui kijana aliishia wapi. Ndiyo hivyo, kazi yetu mara nyingi huishia hapo. Unaandika, unaikabidhi, hujui.

#11 DaktariMzee_Upanga

Vijana, nimestaafu, macho hayaniruhusu kuandika sana kwenye hiki kisimu, lakini tabibu amenigusa pale penyewe. Naomba niwape habari ya Afrika Kusini, maana sisi tulisoma Muhimbili wakati mambo hayo yakiwa mapya na tuliyajadili bwenini hadi usiku.

Septemba 1977 Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi, alikuwa mikononi mwa polisi wa usalama mjini Port Elizabeth. Akapigwa, ubongo ukaumia. Madaktari wawili wa serikali waliitwa, Ivor Lang na Benjamin Tucker. Kanali aliyekuwa na zamana ya mahabusu yule akamwomba Lang cheti. Lang akaandika kwamba hakuona dalili ya kasoro yoyote kwa mahabusu. Mtu amevimba mdomo, anayumba, hasemi sawasawa! Baadaye Tucker akakubali asafirishwe kwenda Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000, uchi, nyuma ya Land Rover, bila hata faili. Tarehe 12 Septemba akafa.

Hawa hawakumpiga. Wala nadhani hawakumchukia. Waliandika tu kile ambacho mwenye ofisi alitaka kiandikwe.

Baraza la madaktari la nchi ile likasema halioni kosa la kujibu. Madaktari wachache wakakataa, akina Frances Ames na Phillip Tobias, wakalipeleka baraza lao wenyewe mahakamani, wakashinda mwaka 1985. Ndipo Tucker akafutwa kwenye rejista. Miaka ya baadaye aliomba radhi, akakiri kwamba taratibu, bila kujiona, alikuwa amejifungamanisha mno na vyombo vya dola hadi akapoteza ule uhuru ambao daktari anatakiwa kuwa nao. Hilo neno "taratibu" ndilo linaloniogopesha. Si jambo la siku moja.

Sasa sikieni hili. Mwaka huohuo 1985, mji uleule, ofisi ileile, chini ya Lang yuleyule, kulikuwa na binti daktari mdogo, Wendy Orr, ndio kwanza ametoka shule. Kazi yake ilikuwa kuwapima mahabusu waliokamatwa kwenye hali ya hatari. Akaona kila siku michirizi, masikio yaliyopasuka ngoma. Mamia ya malalamiko na hakuna mkubwa anayeyafuatilia. Hakuandamana. Alikusanya kumbukumbu za tiba, akazipeleka Mahakama Kuu, na mwezi Septemba mahakama ikatoa amri ya kuwazuia polisi kuwapiga mahabusu. Alikuwa mtumishi wa serikali anayeishtaki serikali kwa kutumia karatasi za serikali.

Wakamwondoa magerezani, wakampeleka kuhudumia wazee na kazi nyingine za pembeni. Miaka kumi na kitu baadaye alikuwa kamishna katika Tume ya Ukweli na Maridhiano.

Sista, barua yako ya kujieleza usiijibu kwa hasira. Jibu kwa kifupi.

#12 HesabuHaidanganyi

Mzee shikamoo. Habari nzito, lakini tukubaliane, deni la mguu si mateso ya Biko. Msikuze mambo.

#13 DaktariMzee_Upanga

Marahaba. Si sawa, na sikusema ni sawa. Nimesema kalamu ni ileile.

#14 Buyenzi_wa_Zamani

Jambo wote. Mimi niko Bujumbura. Kwetu ilikuwa desturi kabisa, hospitali inashika watu. Mwaka 2006 Human Rights Watch pamoja na APRODH, shirika la haki za binadamu la hapa nyumbani, walitoa ripoti, wakaonyesha wagonjwa wanashikwa wiki, wengine miezi, wakiwemo wanawake wengi waliopasuliwa wakati wa kuzaa, sababu upasuaji ni ghali. Wengine chakula walipewa na wagonjwa wenzao.

Kabla ya ripoti hiyo, tarehe 1 Mei 2006, Rais Nkurunziza alitangaza kuzaa na watoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Watu wakajaa hospitali kuliko vitanda. Wauguzi ni walewale, dawa ni zilezile, pesa ya serikali inachelewa. Shangazi yangu alikuwa mkunga, anasema wiki ile walilia kwa kuchoka. Lakini anasema pia kulikuwa na kitu kimoja kizuri: aliacha kujificha akiona mama mwenye mtoto koridoni. Kabla, alikuwa anapita mlango wa nyuma ili wasimwulize "nitatoka lini".

#15 Kijana_wa_Intani

Mimi niko mwaka wa mafunzo kazini. Kwenye maadili tulifundishwa siri ya mgonjwa, ridhaa, na usilewe kazini. Hakuna aliyetuambia ufanye nini mganga mfawidhi akikuambia uandike kitu ambacho si kweli. Na kusema hadharani nako tunaogopa. Wakubwa zetu wanatusimulia 2012, mgomo wa madaktari, jinsi Dkt. Ulimboka alivyotekwa mwezi Juni akaokotwa Mabwepande akiwa hoi. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100, Desemba 2016 hadi Machi 2017, viongozi wa chama chao wakalala jela, na waliokosa huduma ni maskini. Kwa hiyo kugoma kunaumiza, kusema kunaumiza, kunyamaza ndiyo hivyo tena. Sasa mtu ashike lipi?

#16 MkeWaFundi

Mwanangu, hujaambiwa ugome. Umeambiwa usiandike uongo. Hayo ni mambo mawili.

#17 Kibarua_wa_Sheria

@ZamuYaUsiku kuhusu barua. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inakufanya uwajibike mwenyewe kwa unachoandika, kwa leseni yako, mbele ya Baraza. Mwajiri hana leseni ya uuguzi, wewe unayo. Eleza kwamba mabadiliko ya kidonda na sababu ya mgonjwa kuwa wodini ni taarifa za tiba, kwa kuwa bila hizo anayekuja zamu hatajua kwa nini kidonda kikavu kimegeuka. Aya mbili zinatosha. Nakala kwa matroni.

Na afisa ustawi wa jamii? Yeye ndiye mwenye kazi ya kuchunguza kama mtu ana uwezo au hana. Mbona hatajwi?

#18 ZamuYaUsiku

Hatajwi kwa sababu hakuitwa. Yuko mmoja, anahudumia hospitali nzima, na ofisi yake iko nyuma ya mochwari. Kumwita ni kazi ya muuguzi. Sikumwita. Nimemwita leo.

#19 Mchovu_wa_Mbagala

Tunasubiri mrejesho sista. Usitukimbie.

#20 ZamuYaUsiku

MREJESHO. Samahani kwa kukaa kimya wiki mbili.

Barua nilijibu kama alivyoelekeza Kibarua, aya mbili. Hawakunijibu. Nilichopata ni ratiba mpya: nimehamishiwa wagonjwa wa nje, napima presha na uzito kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Mzee wa Upanga nilipoiona hiyo ratiba nilicheka peke yangu kwenye daladala, watu wakanitazama.

Afisa ustawi alifika wodini siku ileile niliyomwita. Dada mdogo, mpole, ana daftari la mkono. Alisoma faili, akafika kwenye ile mistari, akatoa simu akaipiga picha ile kurasa. Akaenda nayo kwenye kikao cha menejimenti. Hoja yake haikuwa haki za binadamu wala mikataba, samahani wanasheria. Alisema: kwa mujibu wa faili letu wenyewe, mgonjwa huyu hakuwa na sababu ya kitiba ya kuwa hapa tangu tarehe 4, na amepata maambukizi akiwa ndani. Hizi gharama za baada ya tarehe 4 tunamdai kwa huduma gani?

Mhasibu wetu (si @HesabuHaidanganyi, huyu ni mwingine) alikaa kimya, kisha akazifuta. Siku kumi na saba za kitanda, 170,000, na gozi na sindano za usaha. Zikabaki 540,000 zilezile za mwanzo. Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda akaja amevaa shati la mikono mirefu, akasaini udhamini. Wamelipa laki moja, zilizobaki 40,000 kila mwezi kwa miezi kumi na moja. Tarehe 21 alasiri kijana akatolewa nguo zake stoo. Suruali ilikuwa imeliwa na panya.

Bado anakuja kusafishwa kidonda. Namwona kwenye foleni yangu. Mguu wenyewe sijui utakaaje, daktari hajaridhika.

Waliobaki wodini kwa deni wiki hii ni wanne. Sijui nani anaandika nini huko, mimi sipo.

#21 HesabuHaidanganyi

Nimeisoma mara mbili. Hesabu ya dada wa ustawi iko sahihi. Ningekuwa kwenye kile kikao nami ningezifuta. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kufungua faili la mgonjwa hata moja, nilikuwa naona namba tu kwenye skrini. Basi.

#22 BiWakili_Kisauni

Ipige picha na wewe hiyo kurasa ya barua yao, uiweke mahali. Ya mgonjwa usiiweke, hiyo ni siri yake. Yako wewe ni yako.

#23 NesiMpya_2

Dada ZamuYaUsiku shikamoo. Nina miezi mitano kazini, hospitali nyingine, mkoa mwingine. Niko zamu sasa hivi. Kitanda namba 11 kuna mama aliruhusiwa Ijumaa iliyopita na bado yupo, na hapa mezani mwenzangu ameniandikia "anaendelea na matibabu" kwenye kikaratasi ili ninakili. Naomba uniambie uliandika maneno gani hasa. Naogopa nikiandika vibaya.

#24 ZamuYaUsiku

Marahaba mdogo wangu. Usiandike "anaonewa", usiandike "hospitali imemfunga". Usitaje mtu. Hivi ndivyo nilivyoandika:

"Mgonjwa aliruhusiwa na daktari tarehe 4. Hajaondoka kwa sababu ya deni. Kidonda kilikuwa kikavu siku ya ruhusa. Tarehe 13 kimeanza kutoa usaha. Anasafishwa kila siku. Joto usiku huu 38.4. Afisa ustawi wa jamii hajaitwa."

Ule mstari wa mwisho ndio uliokuwa mgumu, kwa sababu aliyepaswa kumwita ni mimi. Wewe mwite kwanza, ndipo uandike. Na upime joto la huyo mama kabla hujashika kalamu.

#25 NesiMpya_2

37.1. Kidonda kikavu. Naandika.